Waya za spika na sauti inayochoma masikio

Kuna aina ya sauti ambayo ukikaa nayo dakika chache unajikuta unatafuta rimoti bila kujua kwa nini. Hakuna kilichoharibika, kila ala inasikika, tena inasikika mno, ila kila mwimbaji akitamka "s" inatoka na mluzi, matoazi yanachana, na ukiongeza sauti kidogo tu kichwa kinaanza kugonga. Hiyo ndo tunaiita sistimu kali. Na ukiuliza wapenzi wa muziki ufanyeje, jibu la kwanza karibu siku zote ni lilelile, badilisha waya za spika, weka shaba, kimbia fedha, tafuta waya "yenye joto" itakayopoza trebo, yaani zile sauti nyembamba za juu.

Msimamo wangu nausema mapema ili anayetaka kununa anune sasa hivi. Waya ya spika ina kazi yake na kuna waya mbovu kabisa za kukwepa, lakini kwa kazi hii ya kulainisha sauti kali waya ndo kifaa dhaifu kuliko vyote ulivyonavyo, na kuna wakati inakupeleka kulekule unakokimbia. Sisemi kwa imani, ni hesabu tu, na wala si hesabu ngumu.

Waya yoyote ina tabia tatu za umeme zinazoweza kugusa sauti: ukinzani (inavyozuia umeme kupita), indaktansi (inavyopinga umeme unaobadilika haraka) na kapasitansi (inavyohifadhi chaji kati ya nyuzi zake mbili). Hakuna ya nne inayoitwa "joto". Kwa hiyo waya ikipoza trebo ni lazima imepitia mojawapo ya hizo tatu, na inayoshughulika na trebo moja kwa moja ni indaktansi, kwa sababu inazuia zaidi kadiri masafa, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde, yanavyopanda. Sasa chukua waya ya kawaida, zile nyuzi mbili zilizogandana ubavu kwa ubavu. Indaktansi yake ni kama maikrohenri 0.6 kwa kila mita. Mita 3 zinakupa maikrohenri 1.8, na kwenye kilohezi 20, yaani juu kabisa ambako watu wazima wengi hata hatusikii tena, hiyo ni karibu omu 0.23 (omu ndo kipimo cha kuzuia umeme). Mtu akiiona hiyo 0.23 anasema aah, si ndo hiyo! Hapana. Haijumlishwi na omu 8 za spika kama unavyojumlisha nauli, inakaa pembe mraba nazo, unatumia ileile kanuni ya Pythagoras ya pembetatu, na ukimaliza kupiga hesabu trebo imeshuka kwa kiasi kisichofika hata sehemu moja ya mia ya desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti. Peleka waya mpaka mita 10 kwenye spika ya omu 4, hapo utapata kama desibeli 0.15 kwenye hiyo kilohezi 20. Kitufe cha trebo kwenye amplifaya ukikisogeza hatua moja tu unaondoa desibeli 1 au 2, na inaanza kushuka chini zaidi ambako masikio yako yanaumia kweli.

Maana ukali unaoumiza haukai kilohezi 20. Unakaa kati ya kilohezi 2 na 5 au 6 hivi, ndiko sikio la binadamu lilikofunguka zaidi, halafu mluzi wa "s" unakuwa juu kidogo ya hapo. Huko indaktansi ya waya ni kama haipo.

Kapasitansi ndo kabisa, kwenye waya ya spika ya urefu wa kawaida haipunguzi trebo yoyote ya kusikika. Ila kuna waya za kusukwasukwa zenye kapasitansi kubwa sana ambazo baadhi ya amplifaya hazizipendi, zinaanza kutetemeka zenyewe kwenye masafa ambayo husikii, zinapata moto, na sauti inakuwa chafu. Yaani umenunua waya ya bei ili upoze sauti, umeishia kuichafua.

Umebaki ukinzani, na hapa ndo pana utamu kidogo, kwa sababu ukinzani unaweza kubadilisha sauti kweli, tatizo unabadilisha kwa namna ambayo huichagui wewe, anayechagua ni spika yako. Spika iliyoandikwa omu 8 si omu 8, ni wastani tu wa kwenye karatasi. Ukiipima unakuta sehemu fulani imeshuka mpaka omu 3.5 na sehemu nyingine imepanda mpaka 20 na zaidi, mlima mmoja chini kwenye besi, na kwenye spika nyingi za njia mbili kuna mlima mwingine pale krosova, saketi inayogawa masafa, inapokabidhi kazi kutoka kwenye wufa (koni kubwa ya besi) kwenda kwenye tuita (ile ndogo ya trebo). Waya nyembamba inakula zaidi pale impidansi, yaani hizo omu za spika, ilipo chini, inaacha pale ilipo juu.

Tuweke namba. Waya ya milimita mraba 0.5, zile nyembamba zinazokuja bure ndani ya boksi, ukiivuta mita 5, umeme unaenda na kurudi kwa hiyo ni mita 10 za shaba, unapata ukinzani wa kama omu 0.35. Kwenye bonde la omu 3.5 utapoteza karibu desibeli 0.8, kwenye mlima wa omu 20 utapoteza 0.15. Tofauti ni kama 0.65, na kwa kipande kipana cha muziki hiyo inaweza kusikika. Sasa jiulize mlima uko wapi. Kama uko kwenye krosova, kilohezi 2 au 3, basi waya nyembamba imekunyanyulia palepale panapokuchoma! Na tuita nyingi impidansi yake inapanda kadiri unavyokwenda juu, kwa hiyo huko nako waya nyembamba inaacha trebo ipite huku imekula katikati. Mtu aliyeambiwa "waya nyembamba inalainisha" anaweza kufika nyumbani akapata sauti kali zaidi ya jana, na mwenzake mwenye spika nyingine akapata laini, na wote wawili wasidanganye.

(Wenye amplifaya za tyubu, zile za valvu za kioo, mnalijua hili hata kama hamkuwahi kulipigia hesabu. Tyubu nyingi zina ukinzani wa omu 1 au 2 au zaidi kwenye tundu la kutokea, mkubwa mara nyingi kuliko wa waya yoyote, ndo maana amplifaya moja ya tyubu inaimba tofauti kabisa kwa kila spika unayoifunga.)

Waya nene inaliondoa hilo. Milimita mraba 2.5, mita zilezile 5, omu 0.07, tofauti ya mlima na bonde inabaki kama desibeli 0.14. Waya nene haifanyi sauti kuwa nzuri, inaacha tu kuingilia. Kwangu hiyo ndo sifa pekee ninayoitaka kwenye waya.

Kuhusu fedha na shaba: fedha inapitisha umeme vizuri kuliko shaba kwa kama asilimia 6. Basi. Waya ya shaba ikiwa nene zaidi kwa asilimia 6 imelipa deni lote. Habari ya kwamba fedha "inang'aa" kwenye sauti nadhani imetoka kwenye rangi yake, inang'aa machoni watu wakaamua inang'aa na masikioni. Na wanaotishia watu kwamba trebo inakimbilia kwenye ngozi ya waya, kweli umeme wa masafa ya juu unasogea pembeni, lakini kwenye kilohezi 20 ndani ya shaba bado unazama karibu nusu milimita, kwa waya za majumbani hilo si la kukosa usingizi.

Kinachonikera mimi ni alumini iliyopakwa shaba. Imejaa kila mahali, inauzwa kama shaba, juu ina rangi ya shaba, na ukinzani wake ni karibu mara moja na nusu ya ule wa shaba halisi, yaani ukinunua 2.5 umepata kama 1.6. Kuigundua ni rahisi. Kwanza roli lenyewe linakuwa jepesi mkononi kuliko ulivyotegemea. Pili, menya kipande, chomoa unyuzi mmoja, ulaze juu ya meza ukwangue na ubavu wa wembe taratibu. Shaba halisi ukikwangua inazidi kuwa nyekundu, hii nyingine ngozi inatoka na ndani unakuta weupe wa kijivu. Afu ukunje unyuzi huohuo mbele nyuma mbele nyuma, alumini inakatika upesi. Haitakuchoma masikio moja kwa moja, lakini inaoksidika kwenye ncha, inalegea kwenye skrubu, na unalipia kitu ambacho hukupewa.

Sasa swali la haki: mbona watu wengi wanabadilisha waya na kusema sauti imepoa? Siwaiti waongo. Angalia mtu anavyobadilisha waya. Anazima sistimu, anavuta spika mbele apate nafasi ya kuingiza mkono nyuma, anafungua waya za zamani zilizoota kutu ya kijani kwenye ncha, anafunga mpya safi, anakaza skrubu, anarudisha spika lakini si palepale, zimepungua au kuongezeka sentimita kadhaa na zimegeuka kidogo, anakaa, anawasha, sauti iko juu au chini kidogo kuliko mwanzo, na masikio yamepumzika muda wote huo. Kuna vitu vinne au vitano vimebadilika hapo na waya ni kimoja. Wanaofanya majaribio ya kweli wanalinganisha kiwango cha sauti mpaka desibeli 0.1 na wanabadilisha papo hapo bila msikilizaji kujua ipi ni ipi, kwa sababu kumbukumbu ya sauti inafifia ndani ya sekunde chache tu.

Na kuna moja kubwa zaidi, plasi na mainasi. Ukifunga spika moja kinyume, wufa moja inatoka wakati mwenzake inaingia, besi zinafutana, mwimbaji aliyekuwa katikati anapotea anakuwa haeleweki yuko wapi, na kinachobaki ni trebo na wembamba. Sistimu ya namna hiyo inasikika kali hata kama spika ni tamu kiasi gani, na siku mwenyewe akibadilisha waya akafunga sawasawa bila kujua, atakuapia kwamba waya mpya ni muujiza. Kabla hujanunua chochote weka wimbo wenye besi za kutosha, sikiliza, geuza waya za spika moja tu, sikiliza tena. Upande wenye besi nyingi na mwimbaji wa katikati ndo sahihi. Ukiwa na wasiwasi na rangi za waya zenyewe, chomoa waya kwenye amplifaya, gusisha ncha zake kwenye batri ndogo ya volti 1.5 kwa sekunde moja tu: plasi ikiwa kwenye nyekundu wufa inapaswa kuruka nje. Ikiingia ndani, kuna mahali pamegeuka.

Tukishamaliza waya, ndo tunaanza kazi yenyewe, na kazi yenyewe ni chumba.

Piga kofi moja kali ukiwa umekaa pale unaposikilizia. Ukisikia mlio wa "trrring" mfupi unaokimbia ukutani, umeshampata mchawi. Vigae chini, kioo kikubwa upande mmoja, ukuta mtupu upande wa pili, meza ya kioo katikati, halafu tunailaumu waya. Trebo inayotoka kwenye spika inakufikia mara moja kisha inakufikia tena na tena kutoka kila sehemu ngumu, na besi hazipati msaada huo kwa sababu nyingi zinapenya au zinavuja kwenye dirisha na mlango.

Mtu aliyeonyesha hili kwa vipimo ni Wallace Sabine, mwalimu kijana wa fizikia pale chuo kikuu cha Harvard, Marekani. Mwaka 1895 aliombwa aangalie ukumbi wa mihadhara wa jumba la Fogg ambao mhadhiri alikuwa haeleweki kabisa, neno moja lilikuwa linabaki hewani zaidi ya sekunde 5 huku mengine yanamiminika juu yake. Jamaa alikuwa na filimbi ya kinanda, saa ya kuhesabia, na mito ya viti aliyokuwa anaibeba kutoka ukumbi mwingine, Sanders Theatre, usiku baada ya shughuli za watu kuisha, anaipanga, anapima, na kabla ya asubuhi anairudisha. Kwenye mito ile ndo ikazaliwa kanuni ambayo mainjinia wanaitumia mpaka leo: ukubwa wa chumba na vitu laini vilivyomo ndo vinaamua sauti itakaa hewani muda gani. Sijui kwa nini watu tunapenda kuruka hapo twende moja kwa moja kwenye metali za thamani.

Kwa nyumbani huhitaji hata saa. Kaa mahali pako, mtu mwingine ashike kioo kidogo cha kujitazamia akipitishe taratibu kwenye ukuta wa pembeni, kwenye usawa wa tuita. Ukiiona tuita ndani ya kioo, hapo ndo sauti inadunda kuja kwako. Weka kitu hapo, pazia nene lenye mikunjo, rafu ya vitabu, hata sofa. Fanya na upande wa pili, fanya na sakafu kati yako na spika, hapo zulia nene linafanya kazi kuliko waya zote nilizowahi kuzisikia. Usizidishe lakini. Ukijaza vitambaa kila mahali unakausha trebo yote wakati besi zimebaki zinanguruma, chumba kinakuwa kama umefunikwa blanketi.

Halafu spika zimeelekea wapi? Tuita ya kawaida ina kipenyo cha milimita 25, na sauti ya kilohezi 10 wimbi lake lina urefu wa kama milimita 34, kwa hiyo kuanzia hapo kwenda juu tuita inaanza kumulika mbele badala ya kusambaza. Ukiwa umezielekeza spika zikutazame usoni, unapokea huo mwanga wote. Zigeuze zitazame mbele moja kwa moja, au hata zikutane nyuma yako kwa mbali, na trebo ya juu inashuka bila gharama yoyote. Hapa unaweza kupata desibeli nzima na zaidi, kwa mikono mitupu. Angalia na urefu pia, sikio likiwa chini au juu ya tuita mambo yanabadilika, ila hapo unaweza ukapata shimo kwenye krosova, kwa hiyo sogeza kidogo kidogo.

Mara nyingine wala trebo si nyingi, besi ndo chache. Masikio yanapima uwiano. Spika ndogo zilizowekwa katikati ya chumba mbali na ukuta zinasikika kali kwa sababu hakuna kitu chini cha kuzishika, zisogeze karibu na ukuta wa nyuma besi zipande, ukali unapungua wenyewe bila kugusa trebo. Kusikiliza kwa sauti ndogo nako kunaleta hilohilo, watafiti Fletcher na Munson walishapima mwaka 1933 kwamba sauti ikiwa chini sikio linapoteza besi haraka kuliko masafa ya katikati. Kile kitufe cha laudnesi kwenye amplifaya za zamani kiliwekwa kwa sababu hiyo, hakikuwa pambo.

Na amplifaya ndogo ikisukumwa mpaka inakata vichwa vya mawimbi inatengeneza makelele mapya ya masafa ya juu ambayo hayamo kwenye wimbo, hiyo haitibiki kwa waya, punguza sauti au tafuta yenye nguvu. Na kuna rekodi ambazo ni kali zilivyo. Ukiusikia ukali uleule kwenye hedifoni nzuri, iachie sistimu amani yake.

Kwa wale ambao bado wanataka kufanya kitu kwenye njia ya umeme wenyewe, ipo njia ya wazi. Kama spika yako ina tundu nne nyuma zilizounganishwa kwa vibati, ondoa kibati cha plasi kinachokwenda tundu za juu, badala yake weka rezista, kile kipande kidogo cha kuongeza ukinzani, ya omu 1 ya wati 10. Kwa tuita ya omu 8 hiyo ni karibu desibeli 1 chini, ya omu 2 ni karibu 2, na inashuka pale kwenye tuita tu, wufa haiguswi. Krosova itasogea kidogo lakini si ya kutisha. Hupendi, unarudisha kibati. Rezista ni kitu cha bei ya chini kabisa na inafanya waziwazi kile ambacho waya za hadithi zinaahidi kwa siri.

Wataalamu wenyewe hawakuwa na aibu. Yamaha walitoa spika ya NS-10 mwaka 1978, ile yenye wufa nyeupe, ikaenea studio kibao duniani na ilikuwa kali kwelikweli. Mainjinia waliokuwa wanalipwa kutengeneza sauti walichofanya ni kubandika karatasi ya chooni mbele ya tuita. Mpaka mwaka 1987 Yamaha ikatoa toleo la studio lenye tuita iliyopozwa. Watu wale walikuwa na bajeti ya waya yoyote waliyoitaka.

Na vitufe vya toni, jamani, vimewekwa vitumike. Kuna ushamba fulani kati ya wapenzi wa hai-fai kwamba kugusa trebo ni kuchafua sauti, mtu huyohuyo anayebadilisha waya akitafuta mabadiliko hayohayo ya trebo! Ukiwa na ikwalaiza, kifaa cha kupandisha na kushusha masafa unayoyachagua, shusha desibeli 2 kuanzia kilohezi 3 kwenda juu kwa mteremko mpole, sikiliza siku mbili tatu, ongeza au punguza. Sauti inayopendeza chumbani huwa inateremka taratibu kutoka besi kwenda trebo, ikiwa imenyooka mpaka juu inachoma.

Waya basi nanunuaje? Shaba tupu, milimita mraba 2.5, kwa mita, yenye mstari au rangi upande mmoja nisichanganye plasi. Chini ya mita 3 hata 1.5 inatosha. Kushoto na kulia kukipishana nusu mita siumii. Namenya sentimita moja tu, nasokota nyuzi zisichanue, maana unyuzi mmoja ukigusa tundu la jirani unaweza kuondoka na amplifaya, nakaza kwa vidole, navuta kidogo kuona kama imeshika, narudi kukaa. Ncha zikianza kupata ukijani nakata hiyo sentimita na kumenya upya.